Nafasi ya Msichana Mmoja

Dominiko hakuwa mtu wa kujisifu, lakini mwaka ule binti yake Kristina alipoteuliwa kuingia darasa la mbele, alishuka barabarani mpaka pale malori yalipokuwa yakipakia mananasi, akawasalimia hata watu aliokuwa amenuniana nao. Alikuwa mkulima wa mdalasini na pilipili manga, upande wa Kinole mlimani, mtu mrefu na mkimya, anayechechemea kidogo kwa sababu ya risasi aliyoipata pajani huko Burma alipokuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza. Kidonda kile kilimlaza muda mrefu katika hospitali ya jeshi Bara Hindi, na huko ndiko alikoliona jambo ambalo halikumtoka tena. Aliona msichana mweusi wa Kihindi, mwembamba kama ufito, aliyevaa gwanda jeupe la unesi, akimwamuru ofisa wa Kizungu arudi kitandani. Na ofisa akarudi, kimya, kama mtoto.

Nyumbani Dominiko alikuwa ameacha binti wa kubebwa mgongoni. Tangu siku ile akajua anamtakia nini.

Shule ya kijiji chao ilikuwa ya serikali, ya watoto wote, Wakristo kwa Waislamu, nayo ilikomea darasa la nne. Aliyetaka kuendelea ilimbidi afanye mtihani wa kwenda shule ya kati, na kwa miaka mingi mtihani ule uliwarudisha watoto wa mlimani nyumbani kwao wakakamate majembe. Ndipo akaja Mwalimu Mikidadi, mzaliwa wa Morogoro mjini, kijana wa shati lililopigwa pasi na hasira ya kushindwa. Alipoona mambo yalivyo, aliwachagua wale wepesi wa darasa la nne, akawafanya kundi lao peke yao. Mchana, baada ya uji, wenzao walipochukua majembe kwenda shamba la shule, wale wateule walibaki na mwalimu barazani, kwenye ubao mdogo, wakifanya hesabu za sehemu na kujifunza Kiingereza. Watu wakaliita darasa la mbele. Mwaka wake wa kwanza lilitoa wavulana wawili waliofaulu, na kijiji kizima kikamwona mwalimu kama aliyeleta mvua.

Mkewe Dominiko aliitwa Agnes. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mwendo wa haraka na maneno machache, na kijijini ilijulikana kwamba Agnes akikuuliza swali, ni vema ukae chini kwanza. Alifurahi kwa ajili ya Kristina kama mama yeyote. Alimshonea gauni jipya la shule na kumpunguzia kazi za jioni.

Siku moja Agnes alikuwa akirudi kutoka barabarani na tenga tupu, akapita njia ya shule. Akawaona wateule barazani, Kristina akiwa mbele kabisa, na mwalimu akiuliza hesabu. Chini ya baraza, shambani, watoto wengine walikuwa wametawanyika na majembe yao. Mmoja alikuwa karibu sana na ukuta. Alikuwa Shamsia, binti wa jirani yao Mwanaheri, mjane muuza maandazi. Agnes aliona kwamba msichana yule alikuwa akilima tuta moja tu. Alifika mwisho wa baraza, akageuka, akalirudia lile lile lililokwisha kulimika, udongo wake umekuwa laini kama unga. Na kila mwalimu alipouliza, midomo ya Shamsia ilicheza kabla mtoto yeyote barazani hajanyoosha mkono.

Agnes alisimama pale mpaka darasa lilipokwisha. Alipofika nyumbani alimsimulia mumewe, kisha akasema kwamba lile darasa, jinsi lilivyo, si haki.

Dominiko alidhani hakusikia vizuri. Mtoto wao alikuwa ndani ya darasa hilo. Kama mzazi wa mtoto aliyeachwa nje angelalamika, hilo lingeeleweka, lakini wao? Akamweleza kwa upole kwamba mwalimu ni mmoja na mikono yake ni miwili, na kwamba kibaba cha mchele ukiwagawia watu hamsini, wote watalala njaa. Afadhali wachache washibe, waende mbele, kisha waje wawavute wengine.

Agnes akamjibu kwamba hakuwa na neno juu ya wachache kwenda mbele. Neno lake lilikuwa juu ya wale wanaolima ili wachache wakae kivulini. Mahindi ya shamba lile yaliliwa na wote, na mananasi yake yalinunua chaki ambazo mwalimu alizitumia barazani. "Mwanangu anasomeshwa na jembe la mtoto wa Mwanaheri," alisema. "Mimi chakula hicho hakinipiti kooni."

Walibishana siku nyingi, si kwa makelele, maana hawakuwa watu wa makelele, bali kwa ule ubishi wa mke na mume unaoanza mezani, ukapumzika, ukaendelea shambani kati ya mgomba na mgomba. Dominiko alijua kwamba kwa desturi ya Waluguru mtoto ni wa lukolo la mama yake, ukoo wa upande wa kike, na kwamba mama akishikilia jambo juu ya mwanawe, baba ana haki ya kusema lakini hana uhakika wa kusikilizwa. Hata hivyo alisema. Alimwambia Agnes kwamba anacheza na bahati ya mtoto.

Mwalimu Mikidadi alipoitisha kikao cha wazazi, Agnes alisimama. Wanawake walikuwa wakihudhuria vikao vile, ila mara nyingi waliacha waume zao waseme. Dominiko, aliyekuwa ameketi na wanaume, aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake.

Agnes alianza kwa kumshukuru mwalimu, na shukrani yake ilikuwa ya kweli. Kisha akasema kwamba mtoto wake ni mmoja wa wateule, kwa hiyo asije mtu akadhani anasukumwa na wivu. Akaomba mlango wa darasa lile ufunguliwe kwa kila mtoto wa darasa la nne anayetaka kukaa, mwepesi kwa mzito. Asiyetaka aende zake.

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. Naye hakuwa mtu mbaya. Alijibu kwamba miaka yote mlango ulikuwa wazi kwa wote, na wote walianguka. Aliwachagua wachache kwa sababu alichoka kuwazika wote pamoja. Tena, shamba la shule lilikuwa amri ya idara, na lisipolimwa, mkaguzi atauliza.

Hapo wazazi wakagawanyika. Wenye watoto barazani walisema mwalimu aachwe afanye kazi yake. Wengine walisema ni kweli, watoto wao wamefanywa vibarua. Wengine tena hawakutaka hili wala lile; serikali ilikuwa ikiwalazimisha watu wazima kuchimba matuta ya ngazi mlimani kote, nguvu kazi nyumbani haikutosha, na walitaka watoto warudi mapema, basi. Maneno yalipanda. Mzee mmoja akauliza, kwa dhihaka, kama watoto wote watakaa kivulini, shamba litalimwa na nani, na majini?

"Nitalima mimi," Agnes akasema.

Watu walicheka. Agnes hakucheka. Akasema kwamba yeye, na mzazi mwingine yeyote anayetaka mtoto wake akae, watakuja kulima shamba la shule asubuhi moja kila juma, watoto wote wakiwa darasani. Akaketi. Mwalimu Mikidadi akasema kwamba kama shamba litalimwa, yeye hana sababu ya kumfukuza mtoto barazani, ila asilaumiwe matokeo yakiwa mabaya.

Jumanne iliyofuata Agnes alichukua jembe lake akaenda. Alikwenda naye Mwanaheri tu. Wanawake wawili katika shamba la watoto hamsini. Habari zilimfikia Dominiko kule kwenye matuta ya serikali, ambako wenzake walimtania kwamba mkewe ameandikishwa shule. Alirudi nyumbani amekasirika. Alimkuta Agnes amekaa kizingitini, mikono imemwota malengelenge juu ya sugu zake za zamani, maana siku ile ile alikuwa amelima shamba la shule asubuhi na zamu yake ya matuta mchana. Dominiko alikuwa ameandaa maneno mengi njiani. Alipoiona ile mikono aliyasahau. Akaenda kuchota maji, kazi ambayo mwanamume wa rika lake hakuifanya, akayapasha moto, akamletea.

Juma la pili walikuja wanawake wengine, juma la tatu wengi zaidi, na baada ya hapo wakaanza kuja wanaume, kila mmoja akijifanya amepita tu. Dominiko alikuwa wa mwisho kabisa. Alipotokea na jembe begani, nusu ya shamba ilikuwa imekwisha kulimwa. Agnes akainua uso.

"Sikuja kukubali," Dominiko akamwambia. "Nimekuja kulima."

"Basi anzia pale kwenye magugu ya ndago," Agnes akasema. "Panahitaji mtu mrefu."

Barazani nako mambo hayakuwa rahisi. Watoto walijaa mpaka kwenye ngazi. Wale wepesi walilalamika kwamba mwalimu anarudia rudia. Kristina alikuja nyumbani mara nyingi amenuna. Mwalimu Mikidadi alikonda. Lakini jambo moja lilionekana na kila mtu. Shamsia, aliyeweka jembe chini mwezi wa tatu, kufikia mwezi wa saba alikuwa akiitwa ubaoni kuwaeleza wenzake hesabu za sehemu, na alizieleza kwa maandazi, vipande vyake na robo zake, hata wale wazito wakacheka na kuelewa.

Mtihani ukafanywa. Majibu yalipofika, walikuwa wamefaulu watoto wengi kuliko miaka yote iliyotangulia, wengine wakiwa miongoni mwa wale ambao mwaka uliopita wangekuwa shambani. Wavulana walipewa nafasi nne. Kwa wasichana, shule ya bweni ilikuwa na nafasi moja tu kwa kijiji kile. Kristina alifaulu vizuri. Shamsia alifaulu zaidi. Nafasi ikawa ya Shamsia.

Dominiko hakula siku ile. Hakumlaumu mkewe kwa mdomo. Kristina alilia, kisha akaacha kuzungumza na mama yake, akimjibu kwa ndiyo na hapana. Dominiko alimkuta Agnes nyuma ya jiko, ameshika ungo usio na kitu, machozi yakimtoka bila sauti. Miaka yote ya ndoa yao alikuwa amemwona akilia mara chache sana.

"Unajuta?" akamwuliza.

"Inaniuma," Agnes akasema. "Inaniuma sana, Baba Kristina. Lakini nikiambiwa nirudi nyuma, sioni pale ambapo ningefanya vingine."

Haukupita muda ikasikika kwamba Shamsia haendi. Mjomba wake, mzee Kibwana, ndiye aliyekuwa mkubwa wa lukolo lao, na mama yake Mwanaheri, mjane, hakuweza kupitisha jambo kubwa bila kauli ya kaka yake. Kibwana alisema mtoto wa kike hapelekwi kulala mbali, kwa watu asiowajua, mahali ambapo hajui atasali vipi wala atafundwa na nani. Mwanaheri alimlilia, akashindwa. Mwalimu Mikidadi, Mwislamu mwenzake, alikwenda kumwomba mara mbili, akarudi mikono mitupu. Akamwambia Dominiko, kwa sauti ya chini, kwamba Kibwana asipobadili kauli kabla ya mwisho wa mwezi, nafasi itashuka kwa aliyefuata. Na aliyefuata ni Kristina.

Dominiko alirudi nyumbani kama mtu aliyeokota kitu njiani asijue kama ni chake. Alimweleza Agnes. Akaongeza, kwa uangalifu, kwamba safari hii hakuna haja ya mtu yeyote kufanya lolote. Wao hawakumzuia mtoto wa watu. Kibwana ndiye aliyemzuia. Wakae tu kimya mpaka mwezi uishe.

Agnes aliendelea kupanga vyombo. Dominiko akaanza kuamini kwamba amekubali. Kisha akamwona anasimama, anachukua kanga ya kutokea, anajifunga.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mzee Kibwana."

Dominiko hakujua kwa nini alimfuata. Baadaye, katika maisha yake, alisema kwamba alimfuata ili amzuie, na kila hatua alisema atamzuia kwenye kona ijayo, mpaka kona zikaisha.

Kibwana alikuwa ameketi nje ya nyumba yake akianika karafuu kwenye mkeka. Walipiga hodi, wakamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akawapa vigoda. Mwanaheri alikuwa ndani, na Shamsia, wakisikiliza. Agnes hakuzunguka. Alisema amekuja kumwombea Shamsia ruhusa ya kwenda shule.

Mzee alimtazama Agnes, akamtazama Dominiko, kisha akaendelea kutandaza karafuu kwa kiganja.

"Mama Kristina," akasema, "mimi mzee, lakini masikio yangu hayajafa. Nikikataa, nafasi ni ya mwanao."

"Najua, mzee. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Kama ningenyamaza, ningekuwa nimeichukua kwa kunyamaza kwangu."

"Na akipotea huko? Akisahau dini yake? Utanijibu wewe?"

Agnes akasema kwamba hilo hawezi kuliahidi, kwa kuwa hata watoto waliobaki nyumbani hupotea, na mzee anawajua. Lakini hata pale kijijini Mwanaheri na yeye wamelea watoto ua kwa ua, huyu na rozari yake, huyu na swala zake, na hakuna aliyemnyang'anya mwenzake. Alikuwa amemwuliza mwalimu, naye akamhakikishia kwamba wasichana wa Kiislamu wako pale na wanafunga mwezi wao. Kama mzee ana shaka, Agnes mwenyewe atakwenda na Mwanaheri kukagua bweni, na wasiporidhika watarudi naye siku hiyo hiyo. Akaongeza kwamba alimwona mtoto yule akilima tuta moja mchana kutwa ili asikie masomo. Mtoto wa namna ile, alisema, hata akizuiwa mwili hapa, moyo utakuwa umekwisha kwenda.

Kibwana akamgeukia Dominiko.

"Na wewe, baba mtu? Mbona umekaa kama shahidi wa ndoa? Wasemaje?"

Dominiko alikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, na binti yake angekwenda. Alitafuta neno hilo. Akamtazama mkewe, aliyekuwa amekaa wima kwenye kigoda, mikono mapajani, asimgeukie wala kumsihi kwa macho. Alikuwa amemwachia aseme analotaka.

"Mzee," Dominiko akasema, "mimi nafasi hiyo nilimtakia mwanangu tangu yuko mgongoni. Hata sasa naitaka. Na juu ya darasa lile mimi na mke wangu hatujakubaliana mpaka leo, nadhani alikosea. Lakini nimeishi naye miaka mingi, katika raha na katika njaa, na sijamwona hata siku moja akijipendelea. Mimi sina uwezo huo. Kama yeye anasema mtoto wako aende, basi mimi ningekuwa wewe ningemwacha aende."

Karafuu zilikuwa zimetandazwa vizuri, lakini mzee aliendelea kuzigusa gusa. Mwishowe akaita ndani. Mwanaheri akatoka, kanga mdomoni. Kibwana akamwambia aende akalione hilo bweni na Mama Kristina, kisha waje wamweleze.

Waliliona, wakarudi, wakaeleza. Shamsia akaondoka mwanzoni mwa mwaka, kwenye lori la mananasi, msala wake wa kusalia umekunjwa juu ya sanduku la bati.

Ingekuwa uongo kusema nyumbani kwa Dominiko mambo yalinyooka mara moja. Kristina alikaa na uchungu wake miezi mingi. Mwalimu Mikidadi alimwombea idhini ya kurudia darasa la nne, na kwa kuwa mengi alikwisha kuyajua, akampa kazi ya kuwasaidia waliokuwa nyuma barazani. Mwanzoni aliifanya kwa kununa. Kisha akatokea msichana mmoja mzito, mtoto wa wapishi wa pombe, ambaye hakuwahi kupata hesabu hata moja, na siku alipopata ya kwanza alimkumbatia Kristina mbele ya watu wote. Jioni ile Kristina alimsimulia mama yake habari hiyo tangu mwanzo mpaka mwisho, bila kukumbuka kwamba walikuwa hawasemezani. Agnes alisikiliza huku akipepeta mchele, na Dominiko, aliyekuwa nje akinoa panga, aliacha kunoa ili asiwakatize.

Mtihani uliofuata Kristina alishinda, akaenda.

Katika kikao cha wazazi cha mwaka ule alisimama baba mmoja mgeni, aliyehamia karibuni, mwenye mtoto mwepesi sana. Alisema kwa ufasaha kwamba amesikia zamani kulikuwa na darasa la watoto wachache wenye akili, na kwamba kuwachanganya na wazito kunawachelewesha. Akaomba lirudishwe. Wengine waliitikia kwa vichwa. Mwalimu akauliza nani anaunga mkono.

Dominiko alisimama. Watu wakashangaa, kisha wakakumbuka kwamba siku zote hayo ndiyo yalikuwa maoni yake. Akasema kwamba aliyosema ndugu yule ni kweli tupu, na kwamba yeye mwenyewe amefikiri hivyo kwa miaka, wala hajaona sababu ya kubadili.

"Lakini kabla hatujapiga kura," akasema, "mwulizeni kwanza Mama Kristina."

Akaketi. Watu wote wakageuka nyuma, walikokaa akina mama. Agnes alikuwa akimenya chungwa. Alimaliza kulimenya bila haraka, akampa Mwanaheri nusu yake, akajifuta mikono kwenye kanga, akasimama.